Nyumba ya Waimbaji

Jumapili iliyopita nilirudi Kolwezi, nikaenda kanisani na baba. Kwaya ya wanaume ilisimama: wazee saba, na sauti ya nne, ile nzito ya chini, ilikuwa ya baba yangu peke yake. Katikati ya ubeti pumzi zilimwishia, akakohoa, na wimbo ukayumba mpaka mwisho. Watu waliinamisha vichwa. Mimi nilikasirika, ndugu yangu, na hasira hiyo ina historia.

Tulipokuwa watoto, kwaya hiyo ilikuwa na nyumba. Zamani, waimbaji wa kwanza walipoachishwa kazi mgodini, walichanga malipo yao ya mwisho, wakanunua nyumba ya matofali na kuipangisha. Kanuni ilikuwa moja: kodi itumike, nyumba isiguswe milele. Kodi ilishona mavazi, ilimlipa mwalimu wa kwaya afundishe vijana wapya kusoma noti, ilikodi gari la makaburini mwenzao alipofariki. Kila mwaka iliwapeleka hata mji wa mbali wa Dilolo kuimba, nao wakarudi na samaki wa chumvi na uongo mwingi kuhusu walivyoshangiliwa.

Mazoezi yalikuwa Jumamosi, uani mwa nyumba hiyo. Mpangaji alielezwa hilo kabla hajapewa ufunguo. Mimi na mama tulipika bukari, ugali wetu, na ndakala, dagaa wakavu, wanaume wakitafuna tangawizi kulainisha koo. Baba aliposhuka kwenye noti yake ya chini kabisa, beseni nililooshea sahani lilitetemeka mikononi mwangu. Nilidhani kila mtoto duniani ana baba wa namna hiyo.

Kisha jirani mmoja, akichimba choo, akakuta mawe ya kobalti. Haukupita mwezi, mtaa mzima ukawa unachimba sebuleni. Wanakwaya wakaitana uani. Mwalimu wa kwaya, mzee wa Kasai asiyependa maneno mengi, alisema alichokuwa akisema siku zote: "Tunakulaka matunda, muti hatukate."

Baba akasimama. "Mwalimu, matunda ya huu muti iko chini. Tukiacha, jirani atapita kwa chini, atabeba yetu yote. Tutabakia na nyumba juu ya shimo ya mwingine."

Wakapiga makofi. Watu wazima, na akili zao timamu, wakapiga makofi. Mpangaji alihamishwa, shimo likafunguliwa sebuleni, na wanaume wakavuta magunia kwa kamba huku wakiimba kwa sauti nne. Mtaa ulikuja kuwasikiliza. Hawakuwahi kuimba vizuri kama siku zile, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mvua za kwanza zilipasua ukuta. Za pili ziliiangusha nyumba ndani ya shimo lake. Ashukuriwe Mungu, hakukuwa na mtu. Mtaka yote hukosa yote: tulifundishwa hivyo shuleni, sijui wao walifundishwa nini. Walibaki na suti nyeupe, kinanda cha umeme na spika mbili kubwa, vyote vilivyonunuliwa kwa pesa ya kobalti. Kodi hakuna, masomo ya noti hakuna, na vijana waliokuwa wakifundishwa wakaenda kuchimba kwenye mgodi wa Mutoshi. Mwalimu alipofariki, gari halikupatikana na waimbaji wengi hawakufika. Mtu aliyefundisha nusu ya mji kuimba tulimzika kwa wimbo uliorekodiwa, ukitoka kwenye spika hizo.

Basi Jumapili hiyo, tukirudi nyumbani, nikashindwa kujizuia. "Tata, juu ya nini hamukusikia Mwalimu?"

Alitembea kwanza, akitafuta pumzi. "Bale bijana ba Mutoshi, unaweza kuniitia hata babili? Nibafundishe mbele nife."

"Tata, nimekuuliza."

"Minerval yako, feza ya shule mpaka ya chuo, ulizani ilitoka wapi? Kila mumoja alipata fungu mu ile shimo." Akanitazama. "Fungu yangu, njo weye."

Miaka yote hii nilikuwa nimewahukumu wazee wale, kumbe sehemu yangu nilikwisha kuila. Na bado nina hasira, sitakuficha. Nimekuwa mwalimu, nina shahada yangu ukutani, na katika Kolwezi yote simjui hata kijana mmoja wa kumwimbia baba sauti ya nne siku atakapolala.