Futi ya Baba na Mbio za Wazee

Kila mwaka mtaa wetu wa Kariakoo ulikuwa na michezo yake, na uwanja ulikuwa barabara yenyewe. Vijana waliweka mapipa kuzuia magari, wakachora mistari ya chokaa kwenye lami, na mchanga wa jirani aliyekuwa akijenga ukawa wa kurukia. Tufe hatukuwa nalo. Tulitumia jiwe la mizani la Mchaga mwenye duka upande wa pili, na kila mwaka wanaume walishangaa jinsi lilivyoruka mbali. Wanawake, ambao ndio wanunuzi wa sukari, hawakushangaa hata kidogo.

Siku ilifungwa kwa mbio za wazee: kutoka Mnazi Mmoja, kuzunguka Gerezani, kurudi mtaani kwetu. Hapo ndipo ilipokuwa roho ya baba yangu. Alikuwa fundi cherehani, akifanyia kazi kibarazani petu, na utepe wa kumalizia mbio aliushona yeye kwa vitambaa vilivyobaki. Mshindi alikuwa na haki ya kuondoka nao. Basi kila mwaka baba akashona utepe, na kila mwaka Mchaga akaukata kwa kifua na kwenda kuutundika dukani kwake, juu ya mizani. Baba alikuwa wa pili, mwaka nenda mwaka rudi. Kila nikienda kununua sabuni nilizitazama zile tepe zinaning'inia, mojawapo ikiwa na maua ya pazia letu la zamani, nikapandwa na hasira.

"Mimi mpishi wa harusi," baba alisema. "Napika, kula wanakula wengine."

Mwaka ninaousimulia goti lilikuwa limeanza kumsumbua, akatuambia wazi kwamba zile ndizo mbio zake za mwisho. Alitaka kuukata utepe wake mwenyewe, angalau mara moja. Akawa anatoka alfajiri kufanya mazoezi, futi yake ya kupimia nguo ikiwa shingoni. Futi ile aliivua kwa kuoga na kulala tu.

Sasa, kona ya mtaa alikuwapo bibi mmoja Mnyamwezi, muuza karanga. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na utani haununiwi. Siku moja bibi alisinzia mkekani kando ya sinia lake. Baba akamnyatia, akampima kwa futi kutoka utosini hadi kisiginoni, huku akiutangazia mtaa mzima:

"Namkatia sanda mapema, jamani! Kitambaa kinaadimika, na huyu ni mrefu. Akichelewa kufa tutamzika na gunia!"

Bibi akaamka katikati ya vicheko. Hakutukana, na hilo peke yake lilitosha kututia wasiwasi.

"Umenipima, Mzaramo," alisema. "Haya. Utanizika."

Siku ya mbio, kwa kuwa mstari wa mwisho ulikuwa pale konani kwake, bibi alipewa kushika ncha moja ya utepe, mimi nikashika nyingine. Tukasikia kelele kutoka upande wa Gerezani. Watu wakapisha, na nani aliyekuwa mbele? Baba! Yuko na fulana, bukta ya kaki aliyoishona mwenyewe, futi inapepea shingoni. Mchaga alikuwa nyuma, tumbo limemtangulia, anahema. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka.

Hapo bibi akaifunga ncha yake kwenye nguzo ya kibaraza, taratibu, akaingia barabarani, akalala chali mbele ya utepe. Akajifunika kanga gubigubi.

Baba akafunga breki. "Mtani, ondoka!"

"Maiti haisikii," ikajibu kanga.

"Nakuomba, mtani, Mchaga huyo anakuja!"

"Si ulishanipima? Maiti ya mtani haipitwi bure. Toa kitu."

Mtu baki angeuliza kwa nini asimruke. Mzaramo haulizi hivyo. Kumruka mtani aliyejilaza kama maiti ni kujitafutia mkosi. Kumzunguka bila kutoa kitu ni kutangaza kwamba umenuna, na aliyenunia utani atauficha wapi uso wake? Baba akajipapasa mapajani kutafuta mifuko. Haikuwapo. Kwa kubania kitambaa, fundi hakuiweka.

"Mkono mtupu haulambwi!" watu walipiga kelele, na wa mtaa wetu ndio walioongoza. Walikuwa wanacheka mpaka wanashikana. Mimi nilikuwa nalia kwa hasira.

Baba akaivua futi, akaiweka juu ya kifua cha maiti. Maiti ikafunua kanga, ikaikagua futi pande zote mbili, ikasema, "Pita." Lakini Mchaga alikuwa ameshapita kando. Watani wake yeye ni Wapare, na siku ile hakuna Mpare aliyelala barabarani. Utepe ukakatika kifuani kwake kama kawaida.

Baba alicheka na wenzake mpaka akakaa chini kwenye lami. Jioni nilimkuta kibarazani peke yake, anasugua goti.

"Lakini uliona nilikuwa mbele?" aliniuliza.

"Niliona, baba."

Hakukimbia tena. Futi hakurudishiwa. Kila alipoidai, bibi alimwambia deni la maiti halirudi, na baba akanunua nyingine.

Miaka ikapita, baba akafariki. Jeneza lilitoka nyumbani kwa ule mwendo wa haraka wa mazishi yetu, na Mchaga, kofia ya kuazima kichwani, alikuwa miongoni mwa waliobeba nyuma. Sisi wanawake tulibaki kibarazani tukitazama. Walipofika konani wakasimama ghafla. Bibi, mgongo umepinda, alikuwa ameikingamisha ile futi barabarani. Ncha moja ilikuwa imefungwa nguzoni, nyingine iko mkononi mwake. Sheikh akakunja uso. Bibi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Ulinipima mimi, Mzaramo, ukatangulia wewe! Haya, pita. Wewe ulishalipa."

Akaifungua ncha ya nguzoni. Jeneza likasonga, futi ikanasa mbele yake, ikamponyoka bibi mkononi.

"Leo wa kwanza ni yeye!" Mchaga akapaza sauti kutoka nyuma.

Nikacheka kwa nguvu katikati ya kilio, wanawake wote wakanigeukia. Futi ilikuwa imelala juu ya jeneza, inapepea kidogo kwa ule mwendo. Hakuna aliyeiondoa. Mshindi alikuwa na haki ya kuondoka nayo.