Maneno Sita Ukutani

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Shule alinipokea kwa vitu vitatu juu ya meza yake: boksi la chaki, kitabu cha Kiingereza na fimbo. Alikuwa mzee mrefu wa bara, suti ya kaunda, hana utani na mtu. "Mwalimu Hidaya," akasema, "Kidato cha Kwanza kinakusubiri. Chaki ikikushinda, shika fimbo. Na kitabu usiruke hata ukurasa mmoja." Nikaitikia "Ndiyo, mkuu," maana nilikuwa binti mdogo niliyetoka chuo juzi, na yule mzee alinitisha kwelikweli. Chaki na kitabu nikavichukua. Fimbo nikaisahau makusudi.

Shule ilikuwa Temeke ndani huko, madirisha hayana vioo, watoto watatu kwenye dawati la wawili. Somo la siku ile lilikuwa maneno ya Kiingereza ya kueleza jambo linatokea mara ngapi. Yako sita ya kuanzia, na nayaandika hapa ili hata asiyewahi kusoma Kiingereza tuende naye: always, yaani siku zote, usually, kwa kawaida, often, mara nyingi, sometimes, mara mojamoja, rarely, mara chache sana, na never, haitokei kabisa. Kitabu kilitoa mfano wake: "It often snows in winter," yaani majira ya baridi theluji huanguka mara nyingi. Darasa zima likaimba, mara tatu, kwa sauti ya kupasua bati.

Nikauliza, "Snow ni nini?" Wakatazamana. "Na winter?" Mtoto mmoja nyuma akanyoosha mkono kwa imani kabisa. "Winter ni jina la mtu, mwalimu."

Jamani! Nikakiweka kitabu mezani. Nikawaambia kuanzia leo katika darasa hili hakuna sentensi itakayokaa ubaoni kama mwenye kuisema haijui kuwa ni ya kweli. Sentensi ya uongo tunafuta. Basi wakaanza kujikuna vichwa, mara binti mmoja akasema baba yake anacheka sometimes, tena siku timu yake ikishinda. Mwingine, nyumba yao iko jirani na machinjio ya Vingunguti, akasimama: "The goat never comes back from Vingunguti." Darasa likavunjika mbavu, na neno never likaingia vichwani mwao moja kwa moja.

Mkuu wa Shule alikuwa amesimama mlangoni. Akaniita pembeni. "Mwalimu, huyo mbuzi yuko ukurasa wa ngapi?"

"Hayupo kitabuni, mkuu. Yuko Vingunguti."

Akageuka akaenda zake. Kesho yake niliandika yale maneno sita kwenye karatasi ya manila kwa herufi kubwa nikayabandika ukutani. Karatasi ile nimehama nayo kila kituo, ikichakaa naandika nyingine.

Nyie walimu wa leo mna simu zinazotamka maneno zenyewe. Sie tulikuwa na andalio la somo, ule ukurasa mwalimu anaoujaza kabla ya kipindi: atafundisha nini, kwa dakika ngapi, kwa zana gani. Zana yangu ya kufundishia saa ilikuwa sahani ya bati yenye mishale ya waya. Na hapo kulikuwa na balaa lake. Mtoto wa Kiswahili anahesabu saa tangu jua linapotoka. Mwingereza anaanzia usiku wa manane na adhuhuri. Ukimwacha mtoto ageuze mwenyewe, anabeba saa ya kwao nzimanzima anaitumbukiza kwenye Kiingereza.

Mwaka mmoja tuliletewa kijana wa kujitolea kutoka Ulaya anisaidie kusahihisha madaftari. Mtoto mmoja akaandika kwamba mama yake siku zote anaamka "at eleven o'clock". Yule kijana akachora uso unaocheka, akaandika pembeni: mama mvivu! Mtoto akalia mpaka kwikwi. Nilimfuata yule kijana na daftari mkononi, sikumsalimia. "Huyu mama anaamka saa kumi na moja alfajiri, kwenu mnaita five, kukaanga vile vitumbua unavyokula wewe hapo kila saa nne. Mvivu nani?" Akawa mwekundu. Kumbe alikuwa na adabu zake: jioni alikwenda hadi kwa yule mama, akainama akasema shikamoo na samahani.

Nilipofikisha miaka kumi na moja ya kazi nilihamishiwa shule ya kata upande wa Chamazi. Jina silitaji, si kwa woga, ila waliopo pale leo hawahusiki na haya. Nilifurahi, kwa sababu kule ndiko nilikojenga vyumba vyangu viwili, na ndiko nilikomleta mama yangu baada ya baba kufariki. Nikiwa nafundisha pale, mama alifia mikononi mwangu katika nyumba hiyo, na kaburi lake liko dakika kumi kwa miguu. Kila Ijumaa nilikuwa napita kumsomea dua nikitoka kazini. Mkitaka kujua kwa nini kuhamishwa tena kutoka pale kulikuwa jambo kubwa kwangu, ni hilo.

Mkuu wa Shule wa pale alikuwa mtu wa tabasamu. Shule yake ilikuwa na ugonjwa mmoja: vipindi havifundishwi. Mwalimu wa fizikia alionekana kwa nadra, hisabati wiki hii ipo wiki ijayo haipo, na kemia haikuwa na mwalimu tangu watoto wangu wa Kidato cha Pili waanze Kidato cha Kwanza. Kulikuwa na daftari la vipindi, ambalo monita wa darasa analishika na kila mwalimu akimaliza kufundisha anatia saini. Daftari la Kidato cha Pili B, ukitoa saini zangu, lilikuwa jeupe kama shuka la msiba.

Ikaja taarifa kwamba wakaguzi wa shule wanakuja Jumatano. Jumatatu Mkuu akaniita, Mwalimu wa Taaluma amekaa pembeni yake. Daftari la vipindi lilikuwa mezani na limeshajaa saini mpya, zote za kalamu moja.

"Mwalimu Hidaya," akasema kwa upole, "wakaguzi watawauliza watoto kwa Kiingereza. Wewe ndiye fundi wa mambo ya often often hayo. Wakaririshe kwamba walimu wao wanakuja siku zote. Our teachers always come. Every period, every day. Sentensi mbili tu."

"Si kweli, mkuu."

"Sikukuuliza kama ni kweli."

"Basi mie siwezi. Watoto wangu wanajua uongo tunafuta."

Mwalimu wa Taaluma akaguna. Mkuu akaacha kutabasamu. "Bunju kuna nafasi ya mwalimu wa Kiingereza. Unaijua Bunju? Ukitoka Chamazi unavuka mji mzima, kutoka mwisho wa huku hadi mwisho wa kule. Nikiaibika Jumatano, barua yako ya uhamisho inatoka Alhamisi."

Niliwaza kaburi la mama yangu. Nisiwadanganye, niliogopa. Lakini nilikuwa na hasira pia. Watoto tisini wa maskini wanaibiwa masomo mchana kweupe, halafu waimbe wenyewe kwa lugha ya kigeni kwamba hawakuibiwa! Thubutu. Nikamwambia, "Andika, mkuu," nikatoka.

Jumanne niliingia darasani nikawaambia Kidato cha Pili B hivi: "Kesho mtaulizwa maswali. Sitawafundisha majibu. Maneno sita yako ukutani pale, kila mmoja achague lililo lake."

Jumatano Mkaguzi akaingia, mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Mkuu nyuma yake. Mkaguzi akafunua daftari la vipindi, akatazama zile saini, akamwita monita. Monita alikuwa Rehema, mwembamba, sauti ndogo, binti wa fundi cherehani. Akamuuliza kwa Kiingereza ni mara ngapi wanasoma hisabati.

Rehema akatazama ukutani. "Sometimes, madam."

"Fizikia?"

"Rarely."

"Kemia?"

Nikamwona Mkuu anamtolea macho yule mtoto. Rehema magoti yakawa yanatetemeka, nayaona kabisa chini ya sketi. "Never," akasema.

Mkaguzi akavaa miwani. "Na Kiingereza?"

Hapo nikajiweka sawa, jamani, maana neno langu nililijua. Rehema akanigeukia. "Usually."

Kha! Mie? Mie ninayeingia hata na homa? Mkaguzi naye akashangaa: "Si siku zote?"

"Siku tatu hakuja, madam. Alifiwa na mama yake."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo cha walimu, na sikulia kwa aibu. Yule mtoto angeweza kunipendelea. Neno always lilikuwa palepale ukutani, na kulichukua ilikuwa rahisi. Lakini sheria niliyowafundisha aliitumia kwa kila mtu, na mimi nikiwemo. Sijapata sifa nyingine kazini iliyoifikia hiyo.

Mkuu alitimiza ahadi. Barua haikutoka Alhamisi ile, ilitoka mwisho wa muhula, sababu ikaandikwa "mahitaji ya kikazi". Mwalimu wa kemia alikuwa ameshaletwa kabla sijafungasha. Nikaenda Bunju, nikapanga chumba, nikafundisha huko miaka kumi na sita hadi kustaafu. Kaburi la mama nikawa nalifikia mara moja kwa mwezi, mwezi mwingine silifiki. Wakubwa zangu watatu waliofuata walisoma faili langu wakaniita mkaidi, na cheo kilinipita mara mbili nikiwa nakitazama. Wako wenzangu wanaosema, "Hidaya, ungewakaririsha tu, zilikuwa sentensi mbili." Nawajibu kwamba kesho wakija tena na daftari la kalamu moja, nitakataa tena, na Bunju naijua njia.

Sasa nimerudi Chamazi kwenye vyumba vyangu viwili, nina miaka sitini na minne na presha. Mwezi uliopita nilikwenda hospitali kuchukua dawa. Dirishani kulikuwa na mwanamke wa koti jeupe, ameinamia karatasi. Akainua kichwa. "Shikamoo mwalimu!"

Rehema. Ni mfamasia. Alinishika mikono kupitia kile kidirisha, foleni nzima inanung'unika. Akaniambia mwalimu yule wa kemia ndiye aliyempeleka huko, nami nikajifanya nakohoa ili nifute macho.

Kisha akarudi kazini kwake. "Mwalimu, dawa za presha unakunywa kila siku?"

"Always," nikajibu, nikicheka.

Akavuta pakiti niliyokuja nayo. Ilitakiwa iwe tupu. Akavihesabu vidonge vilivyobaki, taratibu, kwa ncha ya kalamu. Kisha akaniangalia kwa macho yaleyale ya Jumatano ile, ila magoti safari hii hayakutetemeka.

"Mwalimu," akasema, "futa."

Watu wa foleni hawakuelewa kitu. Mie nikaona haya kama mtoto wa Kidato cha Kwanza. "Sometimes," nikasema.

"Hiyo naandika," akasema Rehema, akaandika.

Tangu siku ile sijaruka hata kimoja. Asiyeamini aje, pakiti iko juu ya meza, chini ya ile karatasi ya manila iliyo ukutani.