Ua Lililoshonwa Kabla ya Kuchanua

Shangazi yangu, fundi wa mablanketi ya viraka, hashoni ua mpaka lichanue bustanini kwake. Likichanua tu, anatoka na vitambaa vyake kulinganisha rangi. Juzi kiraka kimoja kilibaki kitupu, kikisubiri tumba la waridi chini ya dirisha. Mama yangu, asiye na subira hata ya chai kupoa, akashona hapo ua jekundu kimyakimya, maana mawaridi mengine yote ni mekundu.

Jana asubuhi tumba likachanua: jeupe pe!

“Wifi, liache tu,” mama akasema akicheka. “Nani atajua?”

Shangazi akafungua dirisha, akamkabidhi wembe wa kufumulia.

“Haya, libembeleze waridi liwe jekundu. Likikataa, fumua.”