Mgeni Aliyekunywa Maji ya Tangi

Kama una hamu ya kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Mimi ni seremala hapa hapa Mafinga, na pombe sigusi tangu nipate kipaimara. Ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu, saa kumi jioni, wala si usiku wa manane kama visa vya watu wengine.

Mke wangu Rehema ni mtu wa Lindi. Nilimuoa nilipokuwa huko na kazi ya kupaua shule, nikamleta huku kwenye misonobari na ukungu. Mwaka wa kwanza alivumilia. Wa pili akawa analala na masweta mawili na soksi, anaamka macho mekundu. Ukimuuliza, anasema ni moshi. Moshi gani, na jiko halijawashwa? Ilipofika Februari aliteremsha begi lake kutoka juu ya kabati, akaliweka karibu na mlango wa chumbani. Niliogopa kuliko siku msumeno uliponikosa vidole.

Ndipo nikapata wazo la kumletea bahari nyumbani. Nikachonga meza ya mbao ngumu, juu yake nikaweka tangi la vioo nililolibandika mwenyewe. Mara ya kwanza, tafadhali usinicheke, nilitia chumvi ya jikoni. Sisi watu wa milimani tunajua chumvi ni chumvi tu. Samaki wawili niliowaagiza Dar, wakaja kwa basi ndani ya mfuko uliojazwa hewa, hawakumaliza hata siku. Rehema aliwatoa kwa upawa, akawafukia nyuma ya nyumba.

Nikatia akili. Nikaagiza chumvi yenyewe ya kufugia samaki wa baharini, kipimo chake, mawe ya matumbawe, pampu na hita. Nikayaacha maji yazunguke wiki sita bila samaki, yaive, kama wanavyoelekeza wanaojua. Kisha wakaja wengine wawili, wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Rehema alikaa mbele ya kioo siku nzima. Jioni akaniambia bila kugeuka, "Mume wangu, hawa nao wakifa, mie narudi kwetu. Kama samaki wa kwetu hawawezi huku, mie nitawezaje?"

Siku tatu baadaye umeme ukakatika. Ilikuwa Juni, na baridi ya Mafinga mwezi huo haina mchezo. Rehema alikuwa amekwenda kusuka kwa jirani. Hita ikazima, maji yakaanza kupoa. Nikawasha jiko la mkaa, nikafungua mlango ili hewa ipite, nikawa nachemsha maji, najaza kwenye chupa za plastiki, naziweka zielee ndani ya tangi. Ikipoa hii natoa, naweka nyingine. Samaki walikuwa wamelala ubavu juu ya mchanga. Nakwambia ukweli, nililia.

Nikasikia hodi. Mlangoni alisimama mama mmoja wa makamo, kajifunga kanga mbili, miguu peku. Peku, Juni, Mafinga!

"Shikamoo mama, karibu ndani," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Natoka mbali, nina kiu."

Nikamwonyesha kwa kidevu ndoo ya maji ya kunywa, maana mikono yangu ilikuwa ndani ya tangi. Yeye akaenda kwenye ndoo nyingine, ile ya maji ya akiba ya tangi niliyokwisha kuyachanganya na chumvi. Akachota kikombe, akanywa.

"Mama, hayo ni ya chumvi!"

Akamaliza, akachota cha pili. "Nimeonja," akasema. "Umepatia."

Akaja akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na tangi, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Samaki wakainuka, wakaja kuzunguka vidole vyake. Niliogopa? Hapana, nilifurahi. Mtu ambaye mkewe anataka kuondoka hachagui wa kumsaidia.

"Haya mwanangu, nisindikize," akasema na kuinuka.

Sasa sikiliza vizuri. Kwetu Uheheni mgeni husindikizwa mpaka njiani. Marehemu mama yangu, aliyenilea kule Tosamaganga, aliniambia mara nyingi kwamba mgeni ukimwacha atoke peke yake, hujamtoa, bado yumo. Nilikuwa najua. Lakini nilikuwa na chupa ya moto kila mkono, na samaki ndiyo kwanza wamepata nafuu.

"Nenda tu mama, unisamehe. Hapa nimebanwa, geti liko wazi."

Akanitazama, akacheka kidogo, akatoka. Haikupita dakika umeme ukarudi. Nikatupa chupa, nikakimbia nje nimuwahi. Ukungu ulikuwa umelainisha udongo wa uani. Nyayo zilikuwepo, za miguu peku, kutoka getini mpaka mlangoni. Za kutoka hazikuwepo hata moja.

Rehema aliporudi alisimama mlangoni. "Nani kaja?"

"Mama mmoja, alikuwa na kiu."

Akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti, akagusa mto wake. Ulikuwa umelowa. Akalamba kidole, akafumba macho.

Huu ni mwaka wa pili, na samaki wazima, wamenenepa. Kila siku saa kumi Rehema anamimina vikombe viwili vya chai na kuketi pale sebuleni. Nikiwa nje napiga randa nasikia sauti mbili, zinaongea kama watu wa Lindi wanavyoongea, na vicheko. Nikiingia wananyamaza. Namkuta mke wangu peke yake, kiti cha pili kinachuruzika maji, na chumvi nyeupe imeganda kwenye mikono ya kiti hicho. Mchungaji alikuja akaomba, nikamsindikiza mpaka barabara kuu. Siku moja nilisimama mbele ya kiti kitupu nikasema, "Mama, twende nikusindikize sasa," nikatembea peke yangu mpaka njiani, majirani wakinishangaa. Niliporudi, kiti kilikuwa bado kinachuruzika.

"Muache," Rehema akaniambia. "Mgeni wangu huyo. Wewe rudi kwenye mbao zako."

Kwa hiyo ndugu yangu unayenisikiliza, mgeni akikuomba umsindikize, weka chini ulichoshika, hata kiwe kinaungua. Mimi niliomba mke wangu asiondoke, na hakuondoka. Siku hizi nikifika mlangoni kwangu, nabisha hodi kwanza.