Brashi Isiyo na Bati

Tulipohamia kijiji cha Mwamkulu na ng'ombe wetu wachache, mume wangu alikuwa seremala na mimi nilikuwa mtu wa kushuku. Nilimshuku muuza chumvi, nilimshuku jirani anayesalimia kwa sauti tamu kupita kiasi. Mama mkwe alinicheka, akasema nina macho ya kuku anayelalia mayai.

Miaka ile ya tisini brashi za rangi pale Mpanda mjini zilikuwa za kubahatisha, mume wangu akaamua tutengeneze zetu. Yeye alichonga mipini ya mninga. Kichwa kilikuwa kazi yangu na mama mkwe. Tulichukua singa za mikia ya ng'ombe machinjioni, tukazifua, tukazianika kwenye kamba, tukazichana na kuzifunga uzi. Mashina tuliyachovya kwenye gundi ya ngozi, ambayo mama mkwe aliichemsha tangu asubuhi huku moshi ukimwingia machoni. Kisha tulizivika ukanda wa bati uliokatwa kwenye kopo la mafuta, tukapachika kijiti katikati ili zibane, tukaingiza mpini upande wa pili, tukagonga misumari midogo na kukunja ncha zake. Bati ndilo linaloshika kila kitu. Singa zilizofungwa kwenye mti bila bati si brashi. Ni usinga, na kwetu sisi Wasukuma usinga ni kitu cha mganga.

Macho ya mama mkwe yakawa mekundu. Anayetoka kwetu anajua bibi kizee mwenye macho mekundu huitwa mchawi. Hakuna anayeuliza habari za moshi.

Mtoto wa jirani akashikwa na homa isiyotaka kuondoka. Mama yake akaja kuomba kaa la moto, ilhali jiko lake nililiona likifuka. Akasimama, akazitazama singa kwenye kamba.

"Hizi nywele zote za nini, dada?"

"Brashi. Za kupakia rangi."

"Ahaa," akasema, akaondoka bila kaa.

Ile ahaa sikuipenda hata kidogo. Siku ile ile nilihamishia kazi yote mbele ya nyumba, kando ya njia, ili kila mpita njia aone singa, gundi, bati na misumari. Niliogopa, nasema kweli. Usiku nilipolala nilisikia nyayo hata pasipo na mtu.

Kilichoniogopesha zaidi kilikuwa ndani. Nilipokuwa nafagia chumba cha mama mkwe, nilikuta chini ya kitanda kitu kimeviringishwa kwenye khanga kuukuu. Singa ndefu, mpini mweusi uliong'aa kwa kushikwa. Hakikuwa na bati. Nilikirudisha, nikaendelea kufagia, na tangu saa ile nikaanza kumtazama mama mkwe mikononi kila alipopakua ugali.

Asubuhi moja walinzi wa kijiji walikuja kutafuta vitu vya uchawi, kiongozi wao mbele. Alisimama akaniangalia nikigonga misumari mpaka brashi ikaisha. Akaivuta singa, haikutoka.

"Kazi nzuri," akasema. "Sasa tutaangalia na ndani."

Mama mkwe, aliyekuwa anakoroga gundi, aliacha kukoroga. Alinitazama tu, na mimi nikaelewa.

"Ngojeni niwatolee vitu, nyie mtajigonga humo gizani," nikasema. Nikaingia, nikajaza kapu mafungu ya singa, na ule usinga nikauweka juu kabisa, wazi. Nikarudi, nikakaa, nikachukua msumeno.

"Na hiyo?" kiongozi akauliza.

"Brashi ya chokaa, imeharibika. Bati lilioza. Nabadilisha na mpini."

Nikaukata ule mpini mweusi. Nikachovya mashina kwenye gundi, nikavika bati, nikapachika kijiti, nikaingiza mninga mpya, nikagonga. Mama mkwe alikuwa akitazama msumeno.

Walipekua nyumba, wakakosa. Kiongozi alipotoka akaichukua ile brashi. "Kama ni ya chokaa, itapaka ofisi ya kijiji," akasema.

Gundi ilipokauka wakapaka. Ofisi iling'aa, na hakuna singa hata moja iliyobaki ukutani. Kwa mama mkwe hawakurudi tena. Mtoto wa jirani naye alipona, akawa anacheza uani kwetu.

Lakini jioni ya siku ile ya upekuzi, mama mkwe aliokota kile kipande cheusi cha mpini, akakifuta vumbi la mbao.

"Ulikuwa wa nini, mama?" nikamuuliza.

"Ulikuwa wa mama yangu. Alikuwa anafukuzia nzi."

Akakitia motoni, chini ya sufuria ya gundi, akageuza uso wake kutoka kwenye moshi. Nilitaka kumwamini. Mpaka leo nataka.