Kidole Kidogo cha Fundi Daftari

Kwa miaka kumi na tisa Fundi Daftari alikaa kwenye meza ile ile, nyuma ya mlango wa duka la simu la mume wa mdogo wake, taa ikimchoma kisogo. Kazi yake ilikuwa kufungua simu zilizokufa na kuzisafisha matumbo. Alichovya mswaki kwenye spiriti akasugua, gundi ikigoma akatia petroli, na kutu ikikataa kabisa aliisugua kwa ncha ya kidole. Lakini spiriti haichagui cha kulamba. Mwaka kwa mwaka ilimlamba na yeye, mpaka vidole vyake vikawa laini, vinang'aa kama kijiko kilichosuguliwa kwa majivu. Havikumuuma, kwa hiyo hakujali. Nani hukaa akakagua ncha za vidole vyake?

Jina lake lilitokana na daftari la jalada gumu alimokuwa akiandika maswali ya wateja. Mteja akiuliza jambo ambalo hakulijua hakubahatisha. Aliandika swali, akalijaribu mwenyewe, ndipo akaandika jibu. Mmoja alipouliza simu fulani inavumilia kuanguka kutoka wapi, Fundi aliiangusha kutoka magotini, kutoka kiunoni, kisha kutoka kifuani, ambako ilivunjika, akaandika: "Kiunoni, mwisho." Kioo alikilipa kwa kukatwa mshahara.

Binti wa kaunta alimcheka kila siku. Yeye aliitwa Kasuku, kwa kuwa alilishika kila neno la bosi na kulitoa vile vile bila kulitafuna.

"Fundi, ukifa tutakuzika na hilo daftari," alimwambia. "Ukiulizwa maswali huko, unafungua ukurasa tu."

Kisha ikaja simu mpya. Ililetwa Ijumaa asubuhi katika maboksi meusi, na kabla ya adhuhuri bosi alikuwa ameshamwita mtu wa kuing'oa meza ya ufundi.

"Hii haifunguliwi, shemeji," alimwambia Fundi. "Imegandishwa kwa gundi mgongo na tumbo. Ikifa, imekufa, mtu anunue nyingine."

"Na mimi?"

"Na wewe nini? Umeshawahi kuona daktari wa mawe?"

Kasuku alicheka mpaka akashika kaunta. Fundi alikusanya bisibisi zake kwenye kopo la maziwa na kusimama nalo katikati ya duka, kama mgeni aliyekosa pa kuweka zawadi.

Aliyemwokoa ni mdogo wake. Alimpigia mumewe simu, na ingawa bosi alikuwa amempa kila mtu kisogo, sauti ya mkewe ilisikika hadi mlangoni: huyo ni kaka yangu, ana watoto wawili shuleni, ukimtoa yeye ujue umenitoa na mimi. Bosi alikata simu, akapumua kwa pua.

"Haya. Utasimama kaunta na Kasuku. Lakini nisikilize vizuri. Simu hii inauzwa kwa kidole. Muuzaji anaishika mbele ya mteja, anagusa kioo, inafunguka kama jicho. Mteja akiona hivyo, mkono wake wenyewe unaingia mfukoni. Ukiweza hilo, unabaki. Usipoweza, mimi na mdogo wako tutagombana, tutapatana, na wewe utakuwa nyumbani."

Akampa simu moja akae nayo hadi Jumatatu.

Mchana ule Fundi alifanya alichokijua. Aliandika maswali arobaini ambayo alikuwa na hakika yangeulizwa, na akaanza kuyajaribu moja baada ya jingine. Kwa kasi iliyokuwa ikishuka, betri ingemaliza siku nzima kwa mtu wa kupiga na kupokea, ila kwa mtu wa video ingezima kabla ya saa kumi. Chaja haikuwemo kwenye boksi, waya tu. Tundu la waya wa masikioni halikuwepo. Laini mbili zilikaa, lakini ukitaka kuongeza kadi ya kuhifadhia picha, laini moja itoke. Kamera ilikuwa nzuri juani, na kwenye kivuli ilimfanya mtu aonekane kama aliyeoshwa kwa maziwa. Maji safi iliyavumilia, ya sabuni iliyakataa. Haikufunguka kwa sura. Mwenyewe aliona raha. Alikuwa hajawahi kuijua simu upesi kiasi hicho.

Alipofika kwenye kidole, mambo yakaharibika. Aliweka dole gumba, kioo kikatetemeka, yakatokea maneno mawili: Jaribu tena. Akajaribu tena. Akaweka cha shahada, cha kati, cha pete, akahamia mkono wa pili. Akavifuta kwenye suruali, akavipulizia. Jaribu tena. Jaribu tena. Alipoinua macho, bosi alikuwa amesimama juu yake.

"Niletee mkono," bosi alisema. Aliutazama kwenye mwanga, akaugeuza. "Kasuku, njoo uone maajabu. Binadamu asiye na chapa."

Kasuku aliweka dole gumba lake kwenye simu ile ile, akalisajili, na simu ikafunguka mara moja.

"Unaona?" bosi alisema. "Simu haina kasoro. Mwenye kasoro ni wewe. Wenzako wametengeneza simu ya watu wenye vidole, wewe umekuja na vijiti. Jumatatu, shemeji."

Kasuku akarudia taratibu, kama anayekariri somo: "Simu haina kasoro."

Jumamosi na Jumapili Fundi hakutoka nyumbani. Mkewe alimpaka mafuta vidole, akaviloweka, akavikausha. Kila walipojaribu, yale maneno mawili.

"Jaribu hata cha mguu," mkewe alisema kwa kukata tamaa.

Alivua kiatu akajaribu. Cha mguu kikakubali. Wakatazamana, na kwa mara ya kwanza siku zile wakacheka, mpaka mke akafuta machozi na kusema, "Basi Jumatatu upande juu ya kaunta." Kicheko kilipoisha wakabaki pale pale.

Jumapili alasiri ndipo Fundi alipogundua kitu. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kwa ubavu wa nje, kilikuwa bado na mistari. Ulikuwa ule upande ambao haukuwahi kushika mswaki wala kugusa spiriti. Miaka yote hiyo ulikuwa ukiegemea meza tu, hauna kazi. Aliulaza kwenye kioo kama anayemlaza mtoto. Simu ikafunguka.

Jumatatu alifungua simu mbele ya bosi. Bosi alikitazama kile kidole kilichopinda, akaguna.

"Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hawakusema hakilishi mtu. Fanya kazi."

Naye akafanya kazi. Wateja walikuja na maswali yale yale arobaini, na Fundi aliyajibu bila kufungua daftari. Tatizo lilikuwa majibu ya hapana. Kila alipotamka moja, bosi alikohoa kutoka nyuma. Kufika Jumanne jioni Fundi alikuwa amejifunza. Chaja haimo? "Waya umo, mama." Betri inamaliza siku? "Inategemea na wewe, mzee." Kasuku aliyakariri majibu hayo mapya upesi kuliko alivyoyakariri ya zamani.

Jumatano akaja mfuaji. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mabega mapana na gauni lililolowa tumboni, na alizifulia nyumba nyingi za mitaa ile. Hakugusa simu. Aliiweka mikono yake miwili juu ya kaunta kwanza, viganja juu, kama anayetandaza bidhaa. Vidole vilikuwa vyeupe, vimekunjamana, na nchani havikuwa na kitu.

"Mwanangu, mimi swali langu ni moja," alisema. "Kijana wangu mkubwa anasimama nyuma yangu nikiandika namba ya siri. Anaikariri. Nikienda kufua anafungua simu, anajitumia kilichomo. Namba nimebadilisha mara nne. Nimesikia hii inafunguka kwa kidole, mtu haoni kitu. Sasa hivi vidole vyangu, itavisoma?"

Jibu Fundi alilijua. Lilikuwa swali la kumi na saba, na kwenye daftari alikuwa ameandika kwa mkono wake: kidole kilicholowa haikisomi hadi kikauke, na kidole cha mtu anayefua kila siku hakikauki. Chini yake alikuwa ameongeza: kisiposomwa mara tano, itadai namba ya siri.

Nyuma, bosi akakohoa.

"Nipe mkono, mama," Fundi alisema.

Akamshika, akamgeuza kidole kidogo cha kushoto, akakikausha kwa kitambaa cha kufutia vioo na kukilaza kwa ubavu. Mara ya kwanza kikakataa, ya pili kikakataa, ya tatu simu ikafunguka. Mwanamke akacheka kwa sauti, akatazama kulia na kushoto, akitaka watu waone.

"Na itanisoma kila siku?"

"Itakusoma, mama."

Mfuaji alitoa fedha kutoka kitambaani, noti moja moja, zimelainika kwa kukaa kwenye unyevu. Kabla ya kuondoka alimshika Fundi mkono kumshukuru, akaushikilia kidogo zaidi ya kawaida, akiutazama.

"Kumbe na wewe ni mtu wa kazi," alisema.

Jumamosi alirudi. Duka lilikuwa limejaa. Hakupiga kelele, alipita katikati ya watu na kuiweka simu kaunta.

"Ilinisoma siku ile tu," alisema. "Alhamisi nimetoka kufua, ikakataa. Ikadai namba, na kijana yuko nyuma yangu. Sikuwa na la kufanya, nikaandika. Jana amechukua kila kitu, hata ya sabuni hakubakisha. Naomba mnirudishie changu, simu yenu hii hapa."

Bosi alikuja mbele akitabasamu, maana wateja walikuwa wanatazama.

"Mama, simu haina kasoro."

"Sijasema ina kasoro. Nimeuliza kabla ya kununua. Huyu alinijibu itanisoma kila siku."

"Na inasoma. Kama mwanao ni mwizi, hilo ni tumbo lako, si duka langu."

Mtu mmoja akacheka nyuma, kisha wengi. Mfuaji hakugeuka. Alikuwa anamtazama Fundi.

"Wewe mkono wako nimeushika," alimwambia. "Vidole vyako ni kama vyangu, havina kitu. Ulijua. Waambie hawa watu. Au weka dole gumba lako hapo waone wenyewe."

Fundi alilitazama dole gumba lake. Angeweka dole gumba, kila mtu angeyasoma yale maneno mawili, na mwanamke angerudishiwa haki yake, maana bosi asingethubutu kumnyima mbele ya watu wote wale. Na kabla duka halijafungwa, yeye angekuwa mlangoni na kopo lake la bisibisi.

"Weka kidole, shemeji," bosi alisema polepole. "Mama anataka kuona."

Fundi aliichukua simu ya maonyesho, ile aliyopewa Ijumaa ya kwanza. Alikipulizia kidole kidogo cha kushoto, akakifuta kwenye shati, akakilaza. Simu ikafunguka kama jicho.

"Haya!" bosi akapaza sauti. "Fundi miaka kumi na tisa, vidole vimeliwa na spiriti, na bado inamsoma. Mama, nenda kanawe mikono."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa. Kasuku aligonga kaunta kwa kiganja, na kijana aliyekuja kuuliza bei tu akasema, "Anunue ya kubonyeza, bibi huyu." Mfuaji alisubiri mpaka kikatulia.

"Umeweka cha mwisho," alimwambia Fundi, bila hasira. "Nani anafungua simu kwa kidole cha mwisho?"

Fundi alikificha kile kidole ndani ya ngumi.

"Basi kitunze."

Akachukua simu yake, akaifunga kwenye kile kitambaa, akatoka.

Jioni ile bosi alimpigapiga Fundi mgongoni kwa mara ya kwanza tangu amwoe mdogo wake. Jumatatu akalichukua daftari, akachagua maswali yaliyompendeza, akayachapisha kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani. La kumi na saba halikuwemo. Fundi mwenyewe alilikata kwa kalamu, kwa rula, mistari miwili iliyonyooka. Hakuwa mtu wa kuchafua ukurasa.

Kidole alikitunza. Hakukitia maji bila sababu. Nyumbani alikifunga kitambaa, na watoto walikatazwa kumshika mkono ule. Mkewe aliacha kutania. Bosi alipopata mgeni alimwelekeza kwa kidevu: "Yule pale tunalipa kidole. Mwili unakuja bure." Naye Fundi alitabasamu, maana karo ya muhula ilikuwa imelipwa.

Kiangazi kikaja, hewa ikakauka, midomo ya watu ikapasuka. Asubuhi moja, akifungua kitambaa nyuma ya kaunta, Fundi aliona ufa mwembamba umekata mistari ya kile kidole katikati, kama mstari wa kalamu juu ya swali. Akaupaka mate. Akaubonyeza kwa dole gumba.

"Habari za asubuhi," mteja wa kwanza alisema, akiegemea kioo cha kaunta. "Nasikia hii inafunguka kwa kidole. Ni kweli?"

"Kweli kabisa," Fundi alijibu.

Akakipulizia, akakifuta kwenye shati, akakilaza. Kioo kikatetemeka.

Jaribu tena.

Nyuma, bosi akainua kichwa.