Jumapili Niliyokataa Kuanguka

Kanisani kwetu Kapsoya, mchungaji akikuwekea mkono kichwani, unaanguka. Ni adabu tu. Nyuma yako wanasimama kina mama wawili, mmoja wa kukudaka, mwingine na leso ya kukufunika miguu. Jumapili ile mimi sikuanguka.

Binti yangu alikuwa amezaliwa kabla ya miezi yake, na wodini alikolazwa hakufikia hata uzito wa pakiti ya unga. Nilikuwa nimefanya kila kitu. Nilikunywa uji mpaka nikauchukia ili maziwa yaje. Nilikariri dawa zake zote, nikawasumbua manesi hadi wakiniona wanakumbuka kazi upande wa pili. Kisha nikafunga kula, mzazi wa siku tisa, na maziwa yakapungua tena. Niliogopa vibaya sana. Nilikuwa na hakika kwamba nikilegea kidogo tu, atakufa.

Mchungaji akanigusa. Nikakaza magoti. Akasukuma kidogo, nikakaza zaidi, mkoba kwapani, maana hata huo sikumwamini mtu anishikie. Tulisukumana na mtumishi wa Mungu mbele ya kanisa zima hadi jasho likamtoka. Mama wa leso akaninong'oneza, "Si uanguke tu, sister, watu waende lunch."

Nilitoka nimesimama, nikaenda moja kwa moja hospitalini. Nesi mmoja wa makamo akanikalisha, akamtoa mtoto kwenye mashine ya joto, akamlaza kifuani pangu, ngozi kwa ngozi.

"Sasa nifanye nini?"

"Hakuna. Egemea nyuma."

"Nimsugue mgongo? Nimwimbie?"

"Mama, leo wewe ni kiti. Umewahi kuona kiti kikihangaika?"

Nikaegemea. Mkoba ukaanguka, vitu vikatawanyika sakafuni, nikaviacha. Nililia kwa sauti bila haya. Pumzi ya mtoto ilikuja, ikasita, ikaja tena, na hakuna hata moja niliyomvutia mimi.

"Haya," nikamwambia Mungu, "nimeanguka. Hapa hakuna mama wa kudaka. Mshike wewe."

Asubuhi yake mizani ilionyesha ameongeza gramu ishirini, za kwanza tangu azaliwe. Nesi akacheka, akaniuliza siri ni nini.

Nikamwambia ni uji.